Barua kwa Kombo kuhusu fimbo za gofu

Bububu, Unguja
12 Julai 2024

Sahibu yangu Kombo,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Barua yako nimeipokea juzi baada ya sala ya Alasiri, nami nimefurahi kusikia kwamba wewe na watu wa nyumbani hamjambo na kwamba karafuu zimeanza kuchumwa. Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi, ila kusi mwaka huu linavuma kwelikweli. Sasa nije kwenye lile ulilonitaka ushauri, yaani fimbo za gofu, na yule mtu wa Dar es Salaam anayetaka umtumie shilingi 900,000 akufungie mfuko mzima wa fimbo 14.

Usimtumie. Sisemi kwamba ni tapeli, maana simjui. Nasema hivyo kwa sababu fimbo ya gofu hushonewa mtu kama kanzu, na wewe hujapimwa. Tena hizo 14 zisikutie tamaa. Kumi na nne ni kikomo tu, kilichowekwa Marekani mwaka 1938 na Uingereza mwaka uliofuata, baada ya baadhi ya wachezaji kufikia kubeba fimbo zaidi ya 20. Hakuna kanuni inayomlazimisha mtu kufikisha idadi hiyo, na anayeanza kwenye kiwanja chetu cha mashimo 9 upande wa Mangapwani hana kazi ya kuzipa zaidi ya sita au saba.

Nayasema haya kwa kuwa yamenikuta. Nilipoanza, nilinunua seti kamili ya mtumba katika duka moja la mjini, kwa sababu mfuko wake ulikuwa wa ngozi nyekundu ukanivutia macho. Kila mpira nilioupiga ulikwenda chini chini kisha ukapotelea kulia, nami kwa miezi sita nikawa nailaumu mikono yangu, mpaka kedi mmoja, yaani mbeba mfuko wa fimbo, kijana mdogo tu, aliponionesha herufi S iliyoandikwa kwenye mpini. Maana yake mpini ule ulikuwa mgumu, wa mtu anayepiga kwa kasi kubwa, na mimi unanijua. Wiki chache baadaye, nikiwa shimo la tatu, kichwa cha ayani namba 5, yaani fimbo ya kichwa chembamba cha chuma, kiliruka kikaenda kichakani kabla ya mpira. Nilipoutazama ule mpini mkononi, mahali ulipoingia shingoni mwa kichwa palikuwa pamelika, na nilipopapapasa kidole kilitoka na unga wa kutu wenye rangi ya mdalasini. Mwenye duka aliniambia kwamba mali ikishauzwa haina marejeo. Nami sikuwa na la kumjibu, kwa kuwa siku ya kununua sikuinama kuitazama hata fimbo moja.

Kwa hiyo anza na mwili wako. Vaa viatu utakavyochezea, simama wima, uiache mikono ining'inie, kisha mwambie mkeo achukue futi kamba apime kutoka kwenye kifundo cha mkono hadi sakafuni. Ikiwa ni baina ya sentimita 86 na 94 hivi, na wewe kwa kimo chako nadhani umo humo, fimbo za urefu wa kawaida zitakufaa bila ya kukatwa wala kuongezwa. Niandikie kipimo hicho.

Jambo linalofuata ni mpini, na hapo ndipo ningekuomba usiwe na haraka. Mipini ni ya chuma au ya grafaiti. Ya chuma ni mizito zaidi, hudumu, na kwa kawaida bei yake ni nafuu. Ya grafaiti ni myepesi, hupunguza mtetemo unaopanda mikononi, na haishiki kutu, jambo ambalo kwetu sisi tunaovuta hewa ya chumvi usiku na mchana si dogo. Kwa bega lako lile, tangu ulipoanguka mkarafuuni, ningechagua grafaiti yenye herufi R, yaani ya ugumu wa kawaida, au hata A ambayo ni laini zaidi, hata ikiwa utalipa kidogo zaidi. Grafaiti nayo ina ugonjwa wake: hupasuka nyuzi bila ya kuonekana. Ukipewa ya mtumba, ipitishie pamba kavu kutoka juu hadi chini. Pamba ikinasa mahali, irejeshe.

Kuhusu vichwa, utaona ayani za namna mbili. Zipo zilizo nyembamba na laini mgongoni kama upanga, ambazo ni nzuri mno kwa macho na ni adhabu kwa mwanafunzi. Na zipo zilizochimbwa mgongoni, uzito wake ukasogezwa pembezoni. Wazo hilo lilienezwa sana na Karsten Solheim, mhandisi mzaliwa wa Norway aliyeanzisha kampuni ya fimbo ya Ping mwaka 1959. Wewe uliyekulia kwenye ngalawa huhitaji maelezo marefu: uzito uliowekwa mbali na katikati hufanya kazi ya matengo, kwa hiyo mpira ukigongwa pembeni kichwa hakipinduki sana na mpira haupotei sana. Chukua hizo za kuchimbwa, wala usione haya.

Katika orodha yako tia haibridi namba 4 (fimbo iliyo baina ya ayani na zile za kichwa kinene), ayani namba 6, 7 na 9, wedji ya kawaida (fimbo fupi ya kuinua mpira juu), wedji ya mchangani yenye uso ulioinama nyuzi 56, na pata, ya kuusukuma mpira uingie shimoni. Draiva, ile ya kupiga mbali mkwaju wa kwanza, iache mwaka mzima. Ndiyo fimbo ndefu kuliko zote, uso wake umesimama, na hakuna inayompotezea mwanafunzi mipira kama hiyo. Ukishindwa kujizuia, basi uso wake uwe na mwinamo wa nyuzi 12, na uibebe sumaku ndogo mfukoni: wakikwambia uso wake ni wa titani na sumaku ikanata, umeshaujua ukweli wa muuzaji.

Pata nimeitaja mwisho ingawa ndiyo inayotumika kuliko zote. Hesabu ya kiwanja cha mashimo 18 na mikwaju 72 hukupa mikwaju miwili ya pata kwa kila shimo, yaani 36, nusu nzima ya mchezo. (Jina lenyewe limekaa vibaya, kwa wengi wetu ni pata potea.) Hapa usisikilize sifa za mtu yeyote. Simama nayo kama utakavyocheza, na macho yako yakiwa juu ya mpira bila ya mgongo kukuuma, hiyo ni yako, hata ikiwa ya bei ndogo kuliko zote dukani.

Mipira nunua iliyookotwa, iliyosafishwa, utaipoteza tu. Glavu nunua mbili za mkono wa kushoto, za ngozi bandia na si za ngozi halisi, kwa sababu jasho letu huikausha ngozi ikawa kama gome. Ukimaliza kucheza zianike kivulini; glavu si karafuu. Na fimbo usiziache kwenye gari lililopigwa na jua, maana gundi inayoshika vichwa hulegea kwa joto. Zile za chuma zifute kwa kitambaa chenye mafuta kidogo ya cherehani, na vishikio vioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni.

Umesema utavuka kutoka Mkoani mwezi ujao. Nitakuja kukupokea Malindi, na nitakuwa nimeazima ayani namba 7 mbili kwa wenzangu, moja ya mpini wa chuma na moja ya grafaiti. Tutakwenda Mangapwani asubuhi mapema kabla ya upepo kushika, upige mipira 30 kwa kila moja, nami nitasimama nyuma yako nikitazama inakokwenda. Baada ya hapo ndipo tutazungumza habari ya pesa. Yule mtu wa Dar es Salaam mwambie unasubiri kuuza karafuu, nalo si uongo.

Nisalimie wazee, na mwambie mama kwamba ule mkeka aliotuletea bado tunaukalia.

Wako daima,
Makame