Barua ya malalamiko: laminati ya agizo letu la Juni kubadilishwa bila taarifa

Lubumbashi, tarehe 3 Novemba 2025

Kwa Bwana Mkurugenzi wa kampuni ya uchapaji,
Hapa Lubumbashi

Kuhusu: mita 36 za vinili (plastiki ya kubandika yenye picha) zilizofunikwa kwa laminati (filamu angavu ya kuilinda) isiyo ya agizo, zilizokabidhiwa tarehe 14 Juni 2025

Bwana Mkurugenzi,

Ninakuandikia kwa heshima baada ya kuzungumza na ofisi yako mara nne kwa simu na mara moja ana kwa ana, bila kupata jibu ambalo ningeweza kumpelekea mteja wangu. Mimi ni fundi wa kuvisha magari matangazo, nina karakana ndogo katika komini ya Kampemba, na kwa miaka sita sasa kila kazi inayoishinda mashine yangu kwa upana nimekuwa nikiileta kwenu.

Tarehe 12 Juni niliagiza mita 36 za vinili iliyochapwa, upana wa mita 1.37, pamoja na laminati ya juu, kwa ajili ya Toyota Hiace mbili zinazosambaza mikate. Karatasi ya agizo, ambayo nakala yake iko pamoja na barua hii, ilitaja chapa na namba ya vinili, na ikataja vilevile chapa na namba ya laminati, zote mbili za mtengenezaji mmoja na zote mbili za aina ya kumiminwa, ambayo ninaieleza hapa chini. Mliipiga muhuri na kupokea dola 1,260, yaani dola 35 kwa kila mita. Mlichonikabidhi kilikuwa vinili niliyoiagiza, lakini juu yake mlikuwa mmebandika laminati ya mtengenezaji mwingine, tena ya aina ile tunayoiita kalandre, iliyo ngumu na nafuu zaidi. Ankara yenu iliandika tu «vinili na laminati», na mimi, kwa mazoea ya miaka sita, nikaamini kuwa ni ile ya siku zote.

Magari yalitoka karakanani tarehe 19 Juni yakiwa yanang'aa. Katika juma la pili la Oktoba, joto la mchana lilipokuwa linapita nyuzi 30 na chuma cha gari lililoegeshwa juani hakishikiki kwa mkono, mteja alinipigia simu akaniuliza kwa nini mkate wake umeota ukungu. Nilidhani anazungumzia mkate wa kuliwa. Nilipofika nikaona kwamba ubavuni mwa gari la kwanza, juu ya picha ya mkate mkubwa wa kahawia, madoa meupe yalikuwa yametanda pale laminati ilipoachana na vinili. Huyo ni mtu ambaye riziki yake yote ni mkate mpya wa asubuhi, na gari lake linapita komini za Kenya, Katuba na Ruashi hapa mjini likitangaza mkate uliooza.

Niliingiza ukucha kwenye ukingo wa mlango wa kuteleza, na laminati ikainuka peke yake kama utando wa maziwa yaliyochemka, ikiondoka na sehemu ya wino kwenye gundi yake, huku vinili iliyo chini ikibaki imeshika chuma barabara. Kwenye kishimo cha kitasa mambo yalikuwa kinyume: hapo laminati haikuachia, bali iliivuta vinili ikatoka nayo kishimoni, zikawambika pamoja juu ya uwazi kama ngozi ya ngoma. Kwenye mlango wa nyuma, mahali palipo bapa kabisa na pasipo na bonde wala pindo, kingo zilikuwa zimerudi ndani kwa milimita mbili hivi na kuacha kwenye rangi ya gari mstari wa gundi ulionasa vumbi jekundu. Picha za sehemu hizo tatu nimeziambatanisha.

Karani wako alinijibu kwamba hayo ni makosa ya ubandikaji, kwamba sikusafisha vizuri na sikupasha moto baada ya kubandika. Ningelikubali neno hilo kama vinili ingekuwa imebanduka kutoka kwenye chuma mahali pote, kwa sababu kazi yangu inaishia hapo, kati ya gundi ya vinili na rangi ya gari. Mimi sikuigusa gundi iliyo kati ya laminati na vinili. Hiyo ilibandikwa na mashine yenu. Magari yote mawili yalioshwa, yakafutwa kwa alkoholi, na kila bonde nililipasha hadi kipimajoto kikaonyesha nyuzi zaidi ya 90, kama ninavyofanya kila siku. Na kwenye mlango bapa hakuna kosa la mkono wangu linaloweza kuzirudisha kingo ndani kwa kipimo kimoja pande zote nne. Hiyo ni kazi ya plastiki inayojikunja yenyewe.

Ili nisikutuhumu kwa kukisia, nilifanya jaribio ambalo mtu yeyote wa kazi hii anaweza kulirudia. Nilichukua kipande kilichobaki cha agizo la Juni, na kipande cha agizo lenu la mwezi wa tatu ambalo lilikuwa na laminati sahihi, nikavibandika bega kwa bega juu ya kioo kimoja, nikavikata msalaba kwa wembe na kukiacha kioo juu ya bati la karakana kwa siku sita. Mkato wa kipande cha mwezi wa tatu ulibaki mwembamba kama unywele. Ule wa Juni ulifunguka hadi ukawa na upana wa karibu milimita moja, na ncha zake nne zikajikunja kuelekea juu. Kioo hicho ninacho bado, na sijakigusa.

Wewe unaijua sababu kuliko mimi, Bwana Mkurugenzi, lakini aliyenijibu kaunta haijui, na kwa kuwa barua hii huenda ikasomwa na mtu wa tatu, ninaieleza. Filamu ya kumiminwa huanza ikiwa majimaji yanayomwagwa juu ya karatasi na kukaushwa kwenye tanuri, kwa hiyo hutoka ikiwa imetulia, nyembamba kiasi cha mikroni 50 (sehemu 50 za elfu za milimita), na hulala kwenye bonde la gari bila kutaka kuondoka. Filamu ya kalandre ni plastiki iliyokandwa kati ya magurudumu ya moto na kuvutwa hadi ikanyooka. Ni nene zaidi, ni ngumu zaidi, na kila inapopata joto hutaka kurudi ilikotoka. Ukiiweka filamu inayotaka kujikunja juu ya ile iliyotulia, umefunga ng'ombe wawili kwenye gari moja, mmoja amesimama na mwingine anavuta. Kwetu hapa, ambako usiku wa Juni baridi hushuka chini ya nyuzi 10 na mchana wa Oktoba jua huchoma, mvutano huo haukuhitaji miaka kujidhihirisha. Ulihitaji miezi minne.

Sisemi kwamba chapa mbili haziwezi kukaa pamoja. Mwaka 2022 mimi mwenyewe niliishiwa laminati nikatumia ya mtengenezaji mwingine, lakini zote mbili zilikuwa za kumiminwa, nilikiacha kipande cha majaribio juani wiki tatu kabla ya kuanza, na nilimwambia mwenye gari waziwazi kwamba akikubali, dhamana ya kiwanda hana tena. Alikubali, na gari lile linakwenda Likasi na kurudi hadi leo. Watengenezaji wakubwa kama 3M na Avery Dennison hutoa majedwali yanayoonyesha laminati gani inakwenda na vinili gani, na dhamana zao, kama ile ambayo 3M huiita MCS (Matched Component System, yaani mfumo wa sehemu zinazolingana), hushika mfumo mzima pamoja na wino wake. Ukitoa kipande kimoja ukaweka cha mwingine, mwenye vinili atasema gundi ya laminati si yake, mwenye laminati atasema vinili si yake, na fundi atabaki katikati na mteja wake. Sizitaji hapa chapa mlizozichanganya, kwa sababu viwanda vyenyewe havijakosea. Kila bidhaa ingefanya kazi vizuri ikiwekwa na mwenzake.

Niliambiwa pia kwamba jora la laminati sahihi lilikuwa limekwama Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na ninyi hamkutaka kunichelewesha. Hilo nalielewa, maana hakuna mfanyabiashara wa mji huu ambaye hajawahi kungoja mzigo Kasumbalesa. Lakini namba yangu ya simu iko juu ya karatasi ya agizo, na mteja alikuwa amenipa hadi mwisho wa Julai. Mngenipigia ningengoja, au ningepunguza kazi nikavisha sehemu bapa peke yake, au ningemwachia mteja achague kwa bei nyingine. Mliamua mahali pangu, mkanitoza bei ileile ya laminati ya kumiminwa kwa ajili ya kalandre ambayo sote tunajua ni nafuu zaidi, na mkanyamaza. Kati ya mambo yote, hili la kunyamaza ndilo lililonifanya niandike.

Kuna jambo moja zaidi ambalo silitilii mkazo lakini siwezi kuliacha. Mlichapa siku ya Ijumaa tarehe 13 na mkanikabidhi Jumamosi asubuhi jora likiwa limeshafunikwa na kukazwa, na nilipolikunjua harufu ya wino ilijaa karakana. Wino wenye viyeyusho huhitaji angalau saa 24 ukiwa wazi, umelegezwa, kabla ya kufunikwa, la sivyo mvuke wake hufungiwa ndani na kuilainisha gundi. Huenda hilo liliongeza uharibifu. Sidai kwamba ndilo lililouanzisha, kwa kuwa kipande cha kwenye kioo kilikuwa kimekaa miezi minne wazi na bado kilijikunja.

Kwa hiyo ninaomba mambo haya. Kwanza kabisa mnichapie upya mita 36 kwa vinili na laminati zilizotajwa kwenye agizo, mkiziacha zikauke ipasavyo kabla ya kuzifunika, au mnirudishie dola 1,260. Ninaomba pia dola 300, ambazo ni malipo ya vijana wawili kwa siku tatu za kubandua na kusafisha gundi kwenye magari mawili. Jasho langu la kubandika mara ya pili silitozi, kwa ajili ya miaka tuliyofanya kazi pamoja. Na tangu sasa kila ankara yenu kwangu iandike chapa na namba ya vinili, na chapa na namba ya laminati, kila moja kwenye mstari wake.

Ninangoja jibu la maandishi ndani ya siku 15 tangu utakapoipokea barua hii. Sheria za biashara za OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria za biashara za pamoja, zinazotumika nchini kwetu tangu 2012, zinamtaka muuzaji akabidhi kitu kinacholingana na kile kilichoagizwa, na siku hizo zikipita bila jibu nitalipeleka suala hili mbele ya Mahakama ya Biashara ya Lubumbashi, jambo ambalo ningependa tuliepuke sote wawili. Mvua zimeanza, na maji yanaingia chini ya kingo zilizoinuka, kwa hiyo kila juma linalopita linaongeza kazi ya kusafisha.

Gari la kwanza linaegeshwa karakanani kwangu kila siku kuanzia saa nane mchana, likishamaliza kugawa mikate. Mtume fundi wako yeyote alitazame, na kioo nitamwonyesha.

Pokea, Bwana Mkurugenzi, salamu zangu za heshima.

Mwenye karakana ya kuvisha magari,
Komini ya Kampemba

Viambatanisho: nakala ya agizo lenye muhuri, nakala ya ankara, picha tatu, na vipande viwili vya vinili, cha mwezi wa tatu na cha Juni.