Watoto wa mwaloni nao waandikiwe vitabu vya uvumbuzi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwafikie waandishi na wachapishaji wa vitabu vya watoto, kwa niaba ya watoto wa mwaloni, yaani wa huku ufukweni samaki wanakoshushwa. Nafundisha shule ya msingi huku Ilemela, karibu na Ziwa Victoria, na kabati letu la vitabu vya ziada lina vitabu kadhaa vya uvumbuzi. Vingi ni vya msaada, vimeandikwa kwa Kiingereza, na habari zake ni za roboti na treni za chini ya ardhi. Vichache vya Kiswahili vinataja simu, kompyuta na televisheni, vinasema teknolojia imerahisisha maisha, basi, vimekwisha. Imerahisisha maisha ya nani, na nani imemwongezea mzigo, mtoto haambiwi.

Kwangu mimi, kitabu cha uvumbuzi kisichofika kwenye matokeo yake kimemwonyesha mtoto bidhaa tu. Na sisi wa Kanda ya Ziwa matokeo hayo tunaishi nayo kila siku.

Chukua taa ya kuvulia dagaa. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwa haipo, kwa sababu hufuata mwanga. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilifanywa na karabai: unajaza mafuta ya taa, unapampu, unawasha, unaiweka juu ya chelezo, na ikirushiwa maji ya baridi ikiwa ya moto kioo kinapasuka. Siku hizi wavuvi wengi wamehamia taa za LED za betri, zinazochajiwa mchana kwa sola au kwa umeme wa dukani. Ukiifuatilia taa hiyo inakupeleka mbali. LED nyekundu zilikuwapo tangu miaka ya 1960, za kijani zikafuata, lakini bila ya bluu huwezi kupata mwanga mweupe, na bluu iliwasumbua wataalamu kwa miaka 30 hivi. Walioiweza ni Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, wote wazaliwa wa Japani, na mwaka 2014 wakapewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Mtoto ambaye kaka yake anaingia ziwani kila giza anastahili kujua kwamba taa anayoibeba begani ina historia ya namna hiyo.

Kisha kitabu kiendelee. Aliyekuwa akiuza mafuta ya taa mwaloni anauza nini sasa? Anayekodisha betri anachukua kiasi gani kwa usiku, na mvuvi anabaki na nini? Betri ikifa inatupwa wapi? Hili la mwisho nalisema kwa uchungu. Nimewakuta watoto nyuma ya banda la kuchajia wakichezea betri ya maji iliyopasuliwa, wanachokonoa vile vibao vya kijivu kwa vijiti. Ile ni madini ya risasi, na risasi hiyo ikiingia mwilini mwa mtoto inaharibu ubongo. Katika kabati lote hakuna ukurasa hata mmoja unaowaonya.

Au chukua sangara. Kumpandikiza ziwani katika miaka ya 1950 na kuendelea lilikuwa wazo la wataalamu wa wakati ule, na lilileta mengi: viwanda vya minofu, ajira, fedha za kigeni. Lakini furu, samaki wadogo waliokuwa kitoweo cha wazee wetu, walimezwa, na aina nyingi hazionekani tena. Minofu ikapanda ndege, huku tukabakiziwa mapanki, yaani vichwa na mifupa. Na kwa kuwa sangara ana mafuta mengi, huwezi kumwanika juani akakauka kama furu. Lazima umkaange au umbanike, na kuni zinakatwa milimani na visiwani. Mwanafunzi wa darasa la tano anaielewa kabisa hadithi hii ikiandikwa vizuri. Siku nyingine akisikia jambo jipya linaletwa, atauliza maswali kabla ya kupiga makofi.

Wala uvumbuzi si lazima uwe na waya. Kuhamisha dagaa kutoka mchangani na kuwaanika kwenye chanja za mbao na nyavu ni uvumbuzi mkubwa: dagaa hawana mchanga, wanakauka vizuri, wanapata bei. Tatizo la mama mwanikaji ni fedha za mbao. Kitabu kiseme yote mawili.

Yapo mengine mengi. Daraja la Kigongo–Busisi la huku Mwanza, linalovuka ghuba ya ziwa, lenye urefu wa takriban kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025, na msafiri hasubiri tena kivuko. Je, waliokuwa wakiwauzia chakula abiria wa foleni ile wamekwenda wapi? Mwaka 2018 ilitangazwa kwamba ndege isiyo na rubani imejaribiwa kupeleka dawa kisiwani Ukerewe, kilomita 60 kwa wastani wa dakika 40. Ni habari ya kumsisimua mtoto yeyote, na ni nafasi ya kumweleza kwamba chombo kama hicho kinahitaji fundi, vipuri na mtu wa kukilipia mwaka hadi mwaka.

Najua wachapishaji watauliza nani atanunua. Ni swali la haki. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza mwaka 1991, ulionyesha njia: mradi unanunua sehemu ya nakala na kuzipeleka shuleni, mchapishaji anauza zilizobaki. Halmashauri za Kanda ya Ziwa zinaweza kufanya hivyo kwa pamoja, hata kwa kuanza na kitabu kimoja kwa mwaka. Nawasihi pia waandishi wasiandikie mezani tu. Waje Kirumba Mwaloni alfajiri dagaa wanapopakuliwa, waongee na wavuvi na kina mama, kisha wampe mswada mtaalamu wa TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, hapa Mwanza asahihishe palipokosewa. Watumie Kiswahili ambacho mtoto anaweza kumsomea bibi yake nyumbani bila kukwama.

Mwandishi aliye tayari aulete mswada wake shuleni kwetu kabla haujaenda kiwandani. Wanafunzi wangu watausoma wote, na watamwambia ni ukurasa gani waliuruka.

Mwalimu wa shule ya msingi,
Ilemela, Mwanza.