Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2024

Mama zangu na dada zangu, salaam.

Ya kawaida mnayajua: futari ya Ramadhani, misiba miwili tuliyoshikana, darasa la Kiswahili la watoto kila Jumamosi. Kwa ada na mauzo ya chakula tuliingiza pauni 3,410, tukatumia 2,960.

Sasa safari ya Southend, mji wa pwani. Ndiyo, niliifuta mimi, na pauni 480 zake nikakodi ukumbi mwezi Juni ili tuandikishane kupiga kura. Nimeambiwa nimekiingiza chama cha kufa na kuzikana kwenye siasa. Hatukumnadi mgombea yeyote. Nilisema tu ambalo wengi wetu hatukuwahi kuambiwa: Mkenya, Mtanzania au Mganda mwenye kibali halali cha kuishi Uingereza anaruhusiwa kupiga kura ya ubunge, kwa kuwa nchi yake imo katika Jumuiya ya Madola. Mama mmoja, miaka 19 yuko hapa, aliishika pasipoti yake ya Kenya akaniuliza mara tatu kama kweli wataipokea kituoni. Wanaipokea. Tarehe 4 Julai, siku ya uchaguzi, saa moja na nusu asubuhi, alinipigia simu kwamba ameshapiga.

Wanaouliza siasa za hapa zinatuhusu nini, wamtazame Diane Abbott, mwanamke mweusi wa kwanza kuingia Bunge hili, mwaka 1987. Amnesty, shirika la haki za binadamu, walichunguza matusi ya Twitter kabla ya uchaguzi wa 2017: karibu nusu ya yote waliyotupiwa wabunge wanawake yalimwangukia yeye. Machi 2024 Bunge likazungumzia maneno yaliyodaiwa kusemwa juu yake na mfadhili wa chama cha Conservative, kilichokuwa kikitawala wakati huo. Alisimama mara 46 kuomba nafasi, hakupewa. Wengine walimsemea, naye yupo palepale. Nilitazama na binti yangu, akaniuliza, "Mbona hawamwiti?" Sikuwa na jibu, na ndiyo sababu nilikodi ule ukumbi. Ningekodi tena.

Kinachoniuma ni mahudhurio. Tuko 64, mkutano wa Septemba tulikuwa 11, na 37 hawajalipa ada. Mambo ya safari yangezungumzwa pale, si kwenye simu usiku.

Mwakani, Mungu akijalia, tutaangalia safari na mkusanyiko mwingine kama ule wa ukumbini. Ada ni pauni 40. Mweka hazina yupo kila Jumamosi baada ya darasa.

Mwenyekiti wenu