Barua kwa Fundi, kutoka Dunhuang

Dunhuang, Gansu
Julai

Kwako Fundi,

Assalaam aleikum. Mimi mzima, joto tu ndilo linanipiga, na natumai huko Tanga mama na watoto hawajambo. Barua yako niliipata Lanzhou kabla chuo hakijafungwa. Nimeona nikujibu nikiwa huku, maana niliyoyaona jana kwenye mapango ya michoro ya huku yanakuhusu wewe kuliko yanavyonihusu mimi.

Kutoka Lanzhou hadi hapa ni zaidi ya kilomita 1,000 kwenda magharibi, safari ya usiku kucha kwa treni. Kulipopambazuka, kushoto kulikuwa na milima ya Qilian yenye theluji juu, kulia changarawe tupu mpaka macho yakachoka. Mvua ya mwaka mzima huku haifiki milimita 50. Tena China nzima inafuata saa ya Beijing, kwa hiyo magharibi inaingia saa tatu usiku imeshapita. Chakula cha usiku tunakila kweupe. Mji wenyewe unajivunia tambi za manjano na nyama ya punda. Mimi nikakimbilia kwa Wahui, Waislamu wenzetu wa Kichina, wenye mgahawa wa tambi za ng'ombe.

Sasa mapango. Yanaitwa Mogao, kilomita 25 nje ya mji. Inasimuliwa kwamba mwaka 366 mtawa mmoja, Lezun, alipita hapo akaona mng'aro wa dhahabu kama wa Mabuddha elfu, akachimba chumba cha kukaa peke yake na kutafakari. Waliomfuata waliendelea kuchimba kwa karibu miaka elfu. Leo yamehesabiwa mapango 735, na 492 kati ya hayo yana michoro au masanamu. Najua utaniuliza: yakhe, wewe Muislamu unafuata nini kwenye masanamu? Nisikilize kwanza habari ya ukuta.

Mwamba ule hauchongeki. Ni kokoto zilizogandamana na mchanga, ukipiga patasi zinapukutika. Kwa hiyo karibu kila kinachoonekana mle ndani ni kazi ya udongo. Walikandika, Fundi! Kwanza udongo uliochanganywa na mabua yaliyokatwakatwa, juu yake tabaka jembamba lenye nyuzinyuzi laini, kisha weupe kidogo, ndipo mchoraji akaingia na brashi. Masanamu nayo ni mti katikati, matete yamefungwa kuuzunguka, halafu udongo, halafu rangi. Makubwa mno ndiyo yaliyoachiwa kiini cha mwamba, kama Buddha wa pango la 96, ambaye ana mita 35 na nusu. Ukisimama miguuni pake shingo inauma kwa kutazama juu. Michoro yote ikijumlishwa ni mita za mraba 45,000. Piga hesabu ya lipu mwenyewe, na saruji haikuwepo.

Buluu yao ni jiwe la lazuli, lililoletwa kutoka milima ya Badakhshan, Afghanistan. Kijani ni malakaiti. Wekundu wa zingifuri umekaa vizuri mpaka leo, ila pale walipotia nyekundu ya madini ya risasi, rangi imegeuka nyeusi. Ndiyo maana utakuta sura za watu zina mistari mizito ya giza, ukadhani mchoraji alitaka kukutisha, kumbe alipaka rangi ya mashavu. Nitakuambia ukweli, kwa macho yangu zinapendeza hivyo zilivyo kuliko zile zilizobaki na rangi yake.

Pango la 257 lingekuweka hapo kutwa. Ni kisa cha paa wa rangi tisa aliyemwokoa mtu aliyekuwa anazama mtoni, na mtu huyo akaja kumuuza kwa mfalme kwa tamaa ya zawadi. Mchoraji hakukipanga kisa toka mwanzo hadi mwisho kama sisi tunavyosoma. Ameanzia ncha zote mbili za ukuta, kisa kikakutana katikati, paa na mfalme uso kwa uso. Karne ya 5 hiyo.

Adui wao ni yule yule wako, chumvi. Imo ndani ya mwamba. Unyevu ukiingia inayeyuka, ukikauka inasukuma lipu mpaka inabanduka, sawasawa na nyumba za zamani za Pangani. Na unyevu tunauleta sisi kwa pumzi zetu. Kwa sababu hiyo tiketi kamili hazizidi 6,000 kwa siku, mapango yanafungwa milango, picha marufuku, taa hakuna ila tochi ya anayekutembeza. Unaonyeshwa mapango manane, na anachagua yeye. Ni machache mno, lakini siwalaumu.

Nije kwenye lile ulilonilalamikia, la bwana wa hoteli asiyekumalizia pesa za ukuta uliomchorea. Mwaka 1900 Wang Yuanlu, mtawa wa Kidao, dini ya jadi ya China, aliyekuwa akiyaangalia mapango haya, aliona chumba kidogo kilichozibwa, leo kinaitwa pango la 17. Kilijaa maandiko, makumi ya maelfu. Mtafiti Aurel Stein wa Uingereza akaja mwaka 1907, Paul Pelliot wa Ufaransa mwaka uliofuata, wakabeba shehena kwa shehena kwa fedha kidogo tu. Watu husifia kile kitabu cha mwaka 868 kilichoko London, cha zamani kuliko vyote vilivyochapwa na vyenye tarehe. Mimi kilichonishika ni mkataba mmoja ulioishia Paris. Ni wa karne ya 10, wa fundi mkuu wa masanamu wa hapa Dunhuang, Zhao Sengzi. Nyumbani hana kitu. Anamweka mwanawe wa kumzaa rehani kwa mkwe wake, miaka sita, apate ngano na nafaka.

Fundi mkuu, si kibarua! Na karne hiyo hiyo ukoo wa Cao, waliotawala mji, walijichoresha kwenye kuta za pango la 98 wao, wake zao na wakwe zao, pamoja na mfalme wa Khotan, dola ya magharibi ya hapa, aliye mrefu kuliko mtu halisi, kila mmoja na maandishi ya jina na cheo pembeni. Waliowachora hawakuandikwa. Nimekasirika kwa niaba yako, na ya Zhao pia. Wewe sahini ukuta ule, hata kama ni pembeni chini ya meza ya mapokezi, na pesa mdai kwa maandishi.

Nilipanda pia mchanga wa Mingsha, ule unaovuma ukiteremka. Umejaa watu na ngamia wa nundu mbili wanaotembezwa kwa foleni. Ukikosa, hujakosa kitu. Kesho naelekea Turpan, huko nako kuna mapango, Bezeklik, ingawa mengi ya michoro yake yalikatwa ukutani yakapelekwa Berlin.

Lanzhou kuna duka la brashi za manyoya. Niandikie unataka za unene gani, na kama rangi ya unga inaruhusiwa bandarini, maana sitaki kuja kubishana na watu wa forodha kwa ajili yako. Nisalimie mama, na watoto wote.

Ndugu yako wa Lanzhou