Karama si za madhabahuni peke yake

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako niseme neno kuhusu matumizi ya karama katika maisha ya Mkristo. Semina za karama hazikosekani makanisani, lakini anayezisikiliza kwa makini atagundua kuwa zinazosifiwa ni zilezile: kuhubiri, kuimba, kutabiri na kuponya wagonjwa. Muumini asiyejiona katika orodha hiyo hurudi kitini akiamini kwamba hakujaliwa kitu, na tangu siku hiyo kazi yake inakuwa kuja, kuketi na kutoa sadaka.

Maandiko hayatufundishi hivyo. Katika 1 Wakorintho 12, Mtume Paulo anayataja masaidiano na maongozi pamoja na miujiza na karama za kuponya, bila kuyasukuma pembeni. Bezaleli, tunayemsoma katika Kutoka 31, alijazwa roho ya Mungu ili afanye kazi ya dhahabu, fedha na shaba, akate vito na kuchonga mbao. Hatusomi kwamba alihutubia umati. Naye Tabitha wa Yafa alipofariki, wajane walimzunguka Petro wakilia na kumwonyesha kanzu na nguo alizowashonea alipokuwa hai. Ushahidi wa karama yake walikuwa wameushika mikononi.

Wahubiri wetu hupenda kumlaumu mtumwa wa Mathayo 25 aliyefukia talanta moja, na wana haki, kwa kuwa talanta hiyo haikuwa kidogo: ilikadiriwa kuwa sawa na dinari 6,000, wakati dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku. Hata hivyo, mtumwa yule alikabidhiwa mali na kuachiwa uhuru wa kufanya biashara. Wapo waumini leo ambao wangetamani sana kuitumia talanta yao, ila kila mlango wanaoubisha una mwenyewe. Nimewaona wahasibu wazoefu wakipangiwa kupanga viti mwaka baada ya mwaka (kazi ya heshima, sibishi), huku daftari la mapato likishikwa na mzee asiyeweza kulinganisha stakabadhi na fedha zilizomo kwenye sanduku. Hapo talanta imefukiwa kweli, ila jembe halikushikwa na mwenye talanta.

Sisemi kwamba kila anayekaa kimya amezuiwa. Wengine tunajificha nyuma ya unyenyekevu kwa kuwa utumishi unachosha na hauna malipo, na hao Petro amekwisha kuwajibu anapoagiza kila mmoja aitumie karama aliyoipokea kwa kuwahudumia wenzake, kama wakili mwema wa neema ya Mungu.

Kwa hiyo ninawaomba wachungaji na wazee wa makanisa, kabla ya kuunda kamati, wamuulize kila muumini anaweza kufanya nini, kisha wampe kazi hiyo pamoja na mtu wa kumsimamia. Malalamiko kuhusu wajane waliosahauliwa katika huduma ya kila siku yalipozuka katika Matendo 6, mitume waliliambia kanisa lichague watu saba walioshuhudiwa kuwa wema, wenye kujaa Roho na hekima, kwa ajili ya huduma ya mezani. Ikiwa kugawa chakula kulihitaji watu wa namna hiyo, sioni kwa nini mtunza hazina wetu achaguliwe kwa sababu tu hakuna mwingine aliyenyosha mkono.

Msomaji wako