Muvi ya Jumamosi
Habari zenu wanakikundi, Jumamosi saa 2 usiku tunaangalia muvi ya Kijerumani ya 1929, Tagebuch einer Verlorenen ya G.W. Pabst, ni ya kimya kwahiyo simu weka pembeni maana maneno yote unayasoma kwenye skrini, ukiinamia chati umeshapitwa.

Thymian ni binti wa mwenye duka la dawa, kabebeshwa mimba na msaidizi wa baba yake, familia inataka aolewe na huyohuyo na yeye anakataa kabisa kwasababu hampendi. Basi mtoto anapelekwa kwa mkunga, yeye anafungiwa kwenye nyumba ya kurekebisha wasichana. Pale ndo mkae macho!! Supu wanakunywa kwa mdundo anaopiga mke wa mkuu, vijiko vinapanda na kushuka pamoja, mpaka siku wasichana wanawageukia mkuu na mkewe. Mimi hiyo sehemu inanitoa machozi kila mara.

Louise Brooks, Mmarekani, ndo Thymian, anacheza kwa macho tu na unamuelewa. Kuna mambo mazito ya unyanyasaji na danguro, watoto walale kwanza. Linki naweka hapa Jumamosi jioni, asiyeweza aseme mapema tupange siku nyingine.