Barua kwa Rukia: ukurasa mmoja unaonishinda

Wete, Pemba

Kwa dada yangu mpenzi Rukia,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh. Waama baada ya salamu, nakuarifu kuwa mimi na wote waliopo nyumbani hatujambo, alhamdulillahi, na natumai kuwa nawe huko uliko u mzima pamoja na watoto. Kimya changu usikihesabu kuwa ni dharau. Nilikuwa nasubiri nipate jambo la maana la kukuandikia, na sasa limekuja, tena limekuja na tarehe yake ya mwisho.

Maalim Faki ameniletea tangazo la chuo kimoja cha Wakristo huko Marekani, chuo kidogo cha Kilutheri, katika mji ambao nilipouona kwenye ramani nilishangaa unapata wapi watu wa kujaza madarasa. Wanatafuta wahadhiri wageni wa taaluma ya dini waliomaliza shahada ya uzamivu karibuni. Nafasi ni ya mwaka mmoja, na huweza kuongezwa wa pili. Mgeni hufundisha masomo machache kuliko mwalimu wa kudumu ili apate wasaa wa kuigeuza tasnifu yake kuwa kitabu, hupewa mwalimu mkongwe wa kumwongoza, na kila wiki hukaa na wenzake katika baraza la kuzungumzia ufundishaji na mahusiano ya imani na elimu. Mshahara upo, bima ya afya ipo, na wamesema wazi kuwa hawaahidi ajira baada ya hapo, jambo ambalo naliona ni la kiungwana, kwa sababu wengine hukuacha uote ndoto mpaka siku ya kufunga mizigo. Hali yangu ya kufundisha kwa vipindi unaijua. Malipo ya muhula uliopita nimeambiwa kuwa yanashughulikiwa, na neno hilo nimelizoea sasa.

Wasifu umekamilika, sura ya tasnifu ninayo, na katika barua za mapendekezo imebaki ya profesa wetu yule, ambaye wewe unajua njia za kumwendea kuliko mimi. Yote hayo hayaninyimi usingizi. Kinachoninyima usingizi ni ukurasa mmoja, ambao mwombaji anatakiwa aeleze namna atakavyochangia dhamira ya Kikristo ya chuo.

Nimeuandika kwa penseli na kuufuta mpaka karatasi imetoboka. Juma aliponikuta mezani aliniuliza kama ninaomba kazi au ninaomba kubatizwa. Kisha akaacha mzaha, akanikumbusha kisa cha Larycia Hawkins, profesa wa Chuo cha Wheaton kule Illinois, Mkristo mwenyewe, ambaye Desemba 2015 alivaa hijabu kuonesha kuwa yu pamoja na Waislamu, akaandika kuwa Waislamu na Wakristo wanamwabudu Mungu mmoja. Chuo kilimsimamisha, na Februari 2016 pande mbili zikaachana. "Yule ni mtoto wa nyumbani," akasema Juma, "itakuwaje wewe wa kuja?" Nilimjibu kuwa pale Wheaton walimu hutia saini tamko la imani kila mwaka, kwa hiyo Muislamu hana njia ya kuingia tangu mwanzo, na angalau hapo mtu haongopewi; lakini vyuo vingi vya Kilutheri na vya Kikatoliki, kama kile ulichofundisha wewe, huajiri watu wa dini nyengine pia. Jibu hilo lilimtosha yeye. Mimi halikunitosha, kwa kuwa kuruhusiwa kuingia ni jambo moja, na kujua umeitwa kwa kazi gani ni jambo jengine.

Hofu yangu nitakwambia wewe tu. Nachelea kuwa wanataka sura ya mwanamke mwenye mtandio kwenye kitabu chao cha matangazo, na kwamba kila nitakapofungua mdomo nitatakiwa niwe msemaji wa Waislamu wote duniani, wa Pemba na wa Indonesia. Na hofu nyengine inatoka upande wangu mwenyewe: nikianza kuandika ukurasa ule, kalamu inateleza kuelekea maneno matamu ya "maelewano" na "daraja," maneno ambayo hayamuudhi mtu na hayamfundishi mtu. Ungeyasoma ungecheka.

Hata hivyo swali lenyewe silichukii. Nilikosoma mimi hakuna aliyeniuliza ninaamini nini. Waliona adabu kutouliza, kisha kila mmoja akajijazia jibu lake kichwani. Hawa wameuliza mbele ya watu. Na wewe unakumbuka tasnifu yangu inamhusu nani. Godfrey Dale, padri wa UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, ile iliyofika Unguja mwaka 1864, alikaa kwetu miaka mingi, akasoma Kiarabu, akazungumza na masheikh, na mwaka 1923 tafsiri yake ya Kurani kwa Kiswahili ikachapishwa London ikiwa na dibaji na maelezo. Hakuficha kuwa ni mmisionari, na maelezo yake yanaonesha wazi anavutia upande gani. Masheikh wetu hawakuridhika nayo, lakini hawakunyamaza; walijibu kwa kalamu, mpaka Sheikh Abdallah Saleh Farsy, mzaliwa wa Unguja, akiwa Kadhi Mkuu wa Kenya, akatoa tafsiri yake kamili mwaka 1969. Kila upande ulimsoma mwenzake kwa makini kwa sababu ulijua mwenzake anaamini nini.

Basi hilo ndilo ninalotaka kuliandika: kwamba nitakwenda kukaa kwao kama padri Dale alivyokaa kwetu, nikiwasoma kwa dhati na nikikubali kusomwa, isipokuwa sina mpango wa kumsilimisha mtu. Juma anasema sentensi hiyo ya mwisho itanikosesha nafasi. Mimi naona ndiyo sentensi pekee yenye uhai katika ukurasa mzima. Kwenye fomu kuna kisanduku cha kanisa unaloshiriki, ambacho si lazima kujazwa. Nimekijaza, nimeandika msikiti wetu wa Ijumaa, na sijui msomaji wao atakuna kichwa au atatabasamu.

Sasa nakuuliza wewe uliyewahi kukaa ndani. Ulipokuwa kule, ibada za chuo ulihudhuria au ulikaa pembeni, na kuna aliyekuhesabia? Wanafunzi wako walikuuliza maswali ya darasani au walitaka fatwa? Yule mkongwe aliyepewa kukuongoza, alisoma kazi yako kweli au mlikunywa kahawa tu? Nikitaja Wakristo walivyotusoma sisi, watalipokea kama utafiti au wataliona ni shutuma? Na viza ya wageni wa kubadilishana, lile sharti la kurudi nyumbani miaka miwili, wewe lilikugusa? Profesa nimwandikie tena, au unaweza kumpigia wewe, maana simu yako huwa anapokea?

Ukurasa nimeuambatanisha na barua hii. Ukate utakavyo, hata ukibaki nusu, lakini ukimgusa padri Dale tutagombana.

Wasalaam,
Nduguyo Zuhura